Unakunywa dawa ya kolesteroli na mwili unauma: soma hapa kabla ya kununua dawa ya maumivu

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliingia dukani kwetu jioni ameshika kiuno. Akaomba diklo, yaani diklofenaki ya maumivu, za shilingi elfu moja. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Akasema hakuna. Nikamuuliza kwa njia nyingine: "Mama, kuna kliniki yoyote unahudhuria?" Hapo yakatoka yote. Kliniki ya presha kila mwezi, losartani asubuhi, kidonge cha kupunguza maji, aspirini ndogo, na "kale ka mafuta" ka usiku, yaani kidonge cha kolesteroli. Hakuwa amenidanganya. Kwake hizo zilikuwa zimeshakuwa kama kupiga mswaki. Dawa ni kile unachomeza siku unayoumwa.

Nafanya kazi ya famasi hapa Mwanza, na mazungumzo kama hayo nayarudia karibu kila siku. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu aliyeandikiwa dawa ya kushusha kolesteroli, lehemu kama wengine wanavyoiita, na ambaye mgongo, magoti au kichwa kinamuuma leo. Ukinielewa mpaka mwisho, utajua umeze nini, usimeze nini, na lini uache kumeza uende ukapimwe.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalitegemei. Dawa za kolesteroli zinazotumika zaidi ni statini: atorvastatini, rosuvastatini, simvastatini. Statini haina ugomvi na parasetamoli kwa dozi ya kawaida, na hata na ibuprofeni ugomvi wa moja kwa moja ni mdogo. Hatari inakaa kwenye ile sababu iliyokufanya uandikiwe statini. Mtu haandikiwi dawa hii kwa bahati mbaya. Mara nyingi ana presha, ana kisukari, moyo umewahi kusumbua, au amewahi kupata kiharusi. Na dawa kali za maumivu huenda kugonga hapohapo: kwenye moyo, kwenye presha na kwenye figo.

Hatua ya kwanza: toa dawa zote uziweke mezani

Zote. Vibahasha vya hospitali, vya duka la dawa muhimu, kidonge ulichopewa na shemeji, na unga wa mitishamba ulionunua mnadani. Soma majina. Kidonge cha kolesteroli utakitambua kwa jina lake, huishia na "statin" kwenye boksi. Kama kwenye kibahasha wameandika tu "1x1 usiku" bila jina, rudi ulikopewa uombe waandike jina na miligramu. Hiyo ni haki yako, wala usione haya kuidai.

Ukishazipanga, tafuta tano hizi: dawa ya presha, ya kupunguza maji, ya kisukari, aspirini ndogo ya miligramu 75, na dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda kama warfarini. Kila moja ikiwepo, uchaguzi wako wa dawa ya maumivu unapungua. Piga picha ya meza nzima kwa simu. Picha hiyo ukimwonyesha mfamasia wa Igoma au mtoa dawa wa Nansio, ataelewa kwa sekunde kumi kitu ambacho wewe ungekieleza kwa dakika kumi na bado ukasahau kimoja.

Kuhusu ule unga wa mitishamba nitasema kifupi. Dawa ya viungo isiyo na lebo, inayoondoa maumivu ndani ya saa moja, sijui ndani mna nini na wewe hujui. Ukiwa unatumia statini na dawa za presha, iache.

Hatua ya pili: yaulize maumivu yametoka wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mara chache maumivu hayo yanatoka kwenye statini yenyewe. Ukiyazima kwa diklofenaki, umezima kengele ya moto na moto umeuacha unawaka.

Maumivu ya misuli ya statini yana sura yake. Huja pande zote mbili za mwili: mapaja yote mawili, mabega yote mawili, nyonga, vigimbi vya miguu. Huwa ni uchovu mzito, kukaza, au ulegevu wa misuli; kunyanyuka kwenye kiti cha daladala kunakuwa kazi. Mara nyingi huanza wiki chache mpaka miezi michache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Maumivu ya goti moja, au ya kiuno upande mmoja baada ya kubeba gunia, hayana sura hiyo. Statini haina kesi hapo.

Zipo dalili ambazo ukiziona hupaswi kutafuta dawa ya maumivu kabisa. Misuli inauma vibaya au imeishiwa nguvu, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea: nenda hospitali siku hiyohiyo, Sekou Toure, Bugando au iliyo karibu, na useme wazi kwamba unatumia statini. Hali hiyo ni nadra, lakini maana yake ni kwamba misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa CK, kinaonyesha kama misuli inaharibika. Uliza kama wanacho, kifanyike. Macho yakiwa ya njano, vilevile usingoje.

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, hayana dawa dukani. Hapo ni kukodi gari, kwenda.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna la kwetu. Mwili wote ukiuma pamoja na homa, pima malaria kwanza. Nimeona watu wakilaumu "kale ka mafuta" kumbe ni malaria, na wengine wakimeza Panadol wiki nzima homa ikipanda na kushuka.

Sasa ile habari ambayo ningetamani kila duka la dawa liijue. Ukiwa unatumia simvastatini au atorvastatini, kuna dawa zinazozuia ini lisiivunje statini, ikalundikana mwilini kama maji kwenye mtaro ulioziba. Kubwa kati ya hizo ni erithromaisini na klarithromaisini. Klarithromaisini ndiyo imo kwenye vile vifurushi vya kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo. Tazama mzunguko unavyokwenda: mtu anaumwa mgongo, anameza diklofenaki miezi miwili, tumbo linawaka, anapimwa, anapewa kifurushi chenye klarithromaisini, na simvastatini anaendelea nayo kila usiku. Wiki inayofuata mapaja hayabebeki. Anarudi kuomba diklo nyingine.

Simvastatini na klarithromaisini, au na erithromaisini, hazitakiwi kukutana hata kidogo. Daktari husimamisha simvastatini kwa siku zote za dozi kisha huirudisha, au huchagua dawa nyingine ya bakteria. Kwa atorvastatini dozi hushushwa, isizidi miligramu 20 siku hizo za klarithromaisini. Rosuvastatini haipiti njia hiyo ya ini kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hapo ina nafuu. Dawa za fangasi kama itrakonazoli na ketokonazoli zina tabia hiyohiyo, na flukonazoli kwa kiasi chake. Juisi ya balungi nayo, ukinywa nyingi kila siku, inapandisha simvastatini na atorvastatini. Machungwa ya kawaida hayana shida. Ukitumia amlodipini ya presha, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Na mwenye jongo anayepewa kolchisini aseme kwamba anatumia statini, maana zote mbili zinaweza kuumiza misuli, zikiwa pamoja zaidi.

Hatua ya tatu: anza na parasetamoli, lakini ihesabu

Kwa mtu anayetumia statini, parasetamoli ndiyo mlango wa kwanza. Haipandishi presha kwa namna ya diklofenaki, haichubui tumbo, haigongani na aspirini yako. Kidonge cha kawaida ni miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya ya ini anaweza kumeza viwili kwa mara moja, asirudie kabla ya saa nne kupita, na asizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Hicho ni kikomo. Dukani mimi humwandikia mtu mbili mara tatu, yaani 2x3: viwili saa 12 asubuhi, viwili saa 8 mchana, viwili saa 4 usiku. Vinakuwa sita, na unabaki na nafasi ya usalama.

Mwembamba mwenye kilo chini ya 50, mzee aliyedhoofu, mtu mwenye homa ya ini, na anayekunywa pombe kila siku wapunguze, na wapangiwe na mtaalamu. Konyagi, gongo, bia, ini halichagui chupa. Statini inafanya kazi ndani ya ini hilohilo, na parasetamoli iliyozidi dozi ni sumu ya ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza asijisikie chochote.

Wengi huzidisha bila kujua. Parasetamoli imejificha kwenye dawa nyingi za mafua, na kwenye vile vidonge vya mseto ambavyo ndani ya kidonge kimoja kuna diklofenaki na parasetamoli pamoja. Ukimeza kile cha mseto, ukaongeza Panadol, ukanywa na dawa ya mafua usiku, umekunywa parasetamoli mara tatu kwa majina matatu. Geuza pakiti, soma kilichomo. Na mwenye presha aepuke zile za kuyeyusha kwenye maji zinazotoa povu, zina chumvi nyingi ndani yake.

Niseme ukweli pia: kwa maumivu ya mgongo parasetamoli si ya kutegemea sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa watu wenye maumivu mapya ya kiuno ulionyesha kwamba haikuwaponesha haraka kuliko kidonge kisicho na dawa. Kwa kichwa na homa inasaidia. Kwa mgongo, ijaribu siku mbili tatu, lakini ongeza yale nitakayoyataja kwenye hatua ya tano.

Hatua ya nne: diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao

Kundi hili lina majina mengi: diklofenaki, ibuprofeni ambayo wengi wanaiita Brufen, naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indometasini. Ukibadilisha moja kwa nyingine hujabadilisha kundi. Ukimeza mbili kwa pamoja umeongeza madhara bila kuongeza nafuu.

Zinabana mishipa ya figo, zinafanya mwili ushike maji na chumvi, presha inapanda. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitamka kwamba diklofenaki isipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo, wala aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakaza onyo lake kwa kundi zima isipokuwa aspirini: hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inaweza kuanza ndani ya wiki za kwanza tu za matumizi, na inapanda kadiri dozi inavyopanda. Wewe daktari amekupa statini ili mshipa usizibe. Hebu fikiria unavyojivuta pande mbili.

Kwa hiyo, ukiwa umewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, moyo wako umepanuka, figo zina shida, una vidonda vya tumbo au unatumia warfarini: usinunue dawa ya kundi hili bila daktari wako kujua. Usinunue hata mbili. Na sindano ni hiyohiyo. Watu wanaamini sindano ya diklo haipiti tumboni kwa hiyo haina madhara. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye moyo na figo kama kidonge, na tumbo nalo inaliumiza kupitia damu.

Mama wa Mwaloni alikuwa kwenye kundi jingine ambalo nalihofia kila siku. Dawa ya presha kama losartani (au enalaprili, au lisinoprili), pamoja na kidonge cha kupunguza maji, ukiongeza diklofenaki juu yake, figo zinabanwa kutoka pande tatu. Zinaweza kusimama ndani ya siku chache, hasa mtu akiwa amepungukiwa maji. Na kule Mwaloni mtu anashinda juani juu ya dagaa tangu alfajiri, maji anayakwepa kwa sababu choo ni mbali. Ukiharisha au kutapika ndiyo usiguse kabisa dawa za kundi hili.

Kama moyo na figo vyako ni vizima, presha imetulia, na mfamasia ameiona ile picha ya dawa zako, anaweza kukupa ibuprofeni ya miligramu 200 au 400, baada ya kula, isizidi mara tatu kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Kunywa maji. Pima presha katikati ya dozi. Ukiona kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, acha uende hospitali.

Anayetumia aspirini ndogo ana sharti la ziada. Ibuprofeni ikitangulia, inakalia nafasi ya aspirini, na ulinzi wa moyo unapotea siku hiyo bila wewe kujua. Kwa aspirini ya kawaida isiyo na utando wa nje, meza aspirini kwanza, subiri angalau nusu saa, ndipo ibuprofeni. Kama ibuprofeni imeshatangulia, zipite zaidi ya saa 8 kabla ya aspirini. Na usiongeze aspirini kubwa ya kichwa juu ya ile ndogo. Damu itakuwa nyepesi na tumbo litalipa.

Jambo dogo kwa wa rosuvastatini: tumbo likiwaka mkakimbilia dawa ya kiungulia yenye aluminiamu na magnesiamu, imezeni baada ya saa mbili tangu rosuvastatini. Zikienda pamoja, statini inayofyonzwa inapungua karibu nusu.

Hatua ya tano: tumia njia ambazo hazipiti tumboni

Goti na kiwiko vinapokea vizuri dawa ya kupaka. Jeli ya diklofenaki inayopakwa huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, ingawa mwenye figo mbovu bado aulize. Kitambaa cha maji ya moto kiunoni dakika 15, mara mbili tatu kwa siku, kinasaidia kuliko watu wanavyokiamini. Tembea taratibu, kulala siku nzima kunakaza mgongo. Ndoo gawa mara mbili, hata kama itakuchukua safari zaidi.

Tramadoli sitaizungumzia sana. Ni ya cheti cha daktari, inalevya, inaleta mazoea, na ukipewa na mtu stendi ya Nyegezi kwamba inaondoa uchovu wa safari, usiipokee.

Hatua ya sita: statini usiiache kimyakimya

Babu mmoja wa Ukerewe hushuka mjini kila baada ya miezi miwili. Safari moja aliingia akiinama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nipe ya magoti, ile kali."

"Ile ya kolesteroli unaendelea nayo?"

"Nimeiacha. Jirani kaniambia ndiyo inayokula misuli."

"Na magoti yamepoa tangu uiache?"

Akanyamaza kidogo. "Hayajapoa."

Jibu lake lilikuwa ndilo kipimo. Magoti yalikuwa magoti, ya miaka mingi ya kuvuta nyavu, na statini aliiacha bure. Huyu ni mtu aliyewahi kupata kiharusi chepesi. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio mengi ya statini, ambamo nusu ya watu walipewa statini na nusu kidonge kitupu bila wao kujua nani kapewa nini. Malalamiko ya misuli yalikuwa karibu sawa pande zote mbili, na zaidi ya asilimia 90 ya maumivu kwa waliotumia statini hayakusababishwa nayo. Wachache kweli huumizwa na dawa, na kwao lipo jambo la kufanya: kushusha dozi, kubadilisha aina, au kuipumzisha wiki kadhaa kisha kuijaribu tena. Lakini hilo hufanywa na daktari, akiwa na kipimo cha damu mkononi. Ukiwa na ile dalili ya mkojo mweusi, hapo simama kunywa na uende hospitali mara moja.

Kwa maumivu ya kawaida, endelea na statini yako kwa saa yake. Simvastatini ni ya usiku. Atorvastatini na rosuvastatini saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku. Parasetamoli unaweza kuimeza saa hiyohiyo, hakuna haja ya kuzitenganisha.

Kabla ya kutoka dukani, muulize aliyekuhudumia maswali matatu, na usubiri ajibu: Dawa hii ni ya kundi gani? Nitumie siku ngapi? Nikiona nini niache? Duka la dawa muhimu la kijijini lina watu wazuri, ila kama anayekuhudumia hawezi kujibu, chukua parasetamoli tu, mpigie mfamasia au subiri siku ya kliniki. Wa visiwani wapange hivi mapema: safari ya mjini ikifika, beba vibahasha vyote, na uombe kipimo cha figo na cha ini kama mwaka umepita bila kupimwa.

Maumivu yakizidi siku tano, au yakirudi kila wiki, dawa ya dukani imefika mwisho wake. Nenda ukaonwe.

Yule mama wa Mwaloni nilimpa parasetamoli 18, mbili mara tatu kwa siku tatu, nikamrudishia chenji yake. Nikamwambia apake dawa ya moto kiunoni, anywe maji lita mbili, na siku ya kliniki ataje kiuno kabla ya kutaja presha. Alirudi baada ya wiki mbili na karatasi ya majibu ya figo, ziko salama, na simu yenye picha ya dawa zake zote zimepangwa juu ya ungo.